MNYONGE MNYONGENI: THOMAS BAINES, MCHORAJI WA BAHARI

Utangulizi

Msomaji mpendwa, sisi wa Membley tuko mbali na bahari. Kutoka hapa hadi Mombasa ni mwendo wa takriban kilomita 500, na wengi wetu tunaijua bahari kwa picha tu. Meli, mawimbi, minazi na majahazi tumeviona kwenye kalenda na vitabuni kabla ya kuviona kwa macho. Kwa hivyo picha si jambo la mchezo. Mtu ambaye hajafika mahali hupaona kwa macho ya mchoraji. Mchoraji akidanganya, sisi nasi tumedanganyika.

Makala haya yanahusu maisha na kazi ya Thomas Baines, Mwingereza aliyeishi kati ya mwaka 1820 na 1875. Alianza kama mchoraji wa meli na bahari, kisha akachora mito, vita, miti na watu wa Afrika. Kuna sababu mbili za kumsoma. Kwanza, sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya katika bara letu. Pili, mwaka 1859 alishtakiwa wizi na kufukuzwa kazi na mtu ambaye vitabu vya historia humsifu sana, yaani Dakta David Livingstone, na hakupewa nafasi ya kujitetea mbele ya baraza lolote.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hiyo ndiyo itakayokuwa mizani yetu. Tutampimia Baines kwayo, kisha tutawapimia wale aliowachora.

Kuchora bahari ni kazi gani?

Waliowahi kuzuru Fort Jesus wameonyeshwa michoro ya meli iliyoachwa ukutani na Wareno katika karne ya 17. Katika magofu ya miji ya kale ya Waswahili pia kuna michoro ya vyombo iliyochorwa kwa ncha kali kwenye lipu ya kuta. Basi kuchora chombo cha baharini si jambo geni katika pwani yetu. Mtu anayeishi kwa bahari hupenda kuiweka sura ya chombo chake mahali ambapo haitazama.

Huko Ulaya, katika karne ya 19, kazi hii ilikuwa riziki ya watu wengi. Nahodha au mwenye meli alimlipa fundi amchoree meli yake, picha itundikwe sebuleni. Kamera zilikuwa bado ni chache na ngumu kutumia. Fundi alitakiwa ajue kila mlingoti, kila foromali, kila tanga na kila kamba. Ukikosea kamba moja tu, nahodha anakurudishia picha yako! Mbali na hayo, kulikuwa na maji yenyewe, ambayo hayatulii hata kidogo ili yachorwe. Mchoraji wa bahari ilimlazimu ajifunze kutazama haraka, kukumbuka sawasawa na kutotia chumvi.

Tukumbuke sifa hizo tatu, kwa maana ndizo alizobeba Baines kila alikokwenda.

Kuzaliwa kwake na ufundi wa kwanza

Thomas Baines alizaliwa tarehe 27 Novemba 1820 katika mji wa King's Lynn, mashariki mwa Uingereza. Ni mji wa bandari, na baba yake alikuwa nahodha. Ndugu yake mdogo, Henry, naye alikuwa mchoraji. Kwa hivyo mambo mawili, bahari na rangi, aliyakuta nyumbani.

Alipofika umri wa miaka 16 alipelekwa uanagenzi kwa fundi wa kupaka na kurembesha magari ya farasi. Naam, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora magari! Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Thika tunaielewa kazi hiyo. Matatu hupita hapa zikiwa na nyuso za wanamuziki, wachezaji wa kandanda na maandishi ya kila namna, na wapo wanaodhani kwamba waliozichora ni watu wa mzaha. La hasha. Kuchora herufi iliyonyooka kwenye bati lililopinda ni taaluma kamili. Baines aliianza sanaa yake kwenye ubavu wa gari, na mkono wake ulizoea kazi ya usahihi tangu ujana.

Mwaka 1842, akiwa na umri wa karibu miaka 22, alipanda merikebu kuelekea Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika.

Kutoka melini hadi vitani

Mjini Cape Town alianza kwa kazi za mapambo na mabango. Kufikia mwaka 1845 alikuwa akijitegemea kama mchoraji wa bahari na wa sura za watu. Ghuba ya mji huo ilikuwa mahali pazuri kwa kazi hiyo. Meli zilizosafiri kati ya Ulaya na Bara Hindi zilitia nanga pale kuchukua maji na chakula. Lakini pia palikuwa mahali pa hatari, kwa sababu upepo wa kaskazini-magharibi wakati wa kipupwe uliweza kuzisukuma meli hadi ufuoni. Mchoraji hakukosa la kuchora, liwe la uzuri au la msiba.

Mnamo mwaka 1848 aliondoka Cape Town kwenda upande wa mashariki wa koloni. Vita kati ya Waingereza na Waxhosa, vilivyoanza mwaka 1850 na kwisha 1853, vilimkuta huko. Akawa mchoraji wa jeshi la Waingereza. Hapa lazima tuseme wazi: Baines aliviona vita hivyo akiwa upande mmoja. Waxhosa walikuwa wakipigania ardhi yao, lakini aliyeshika brashi alikula na kulala katika kambi ya adui zao. Jambo hili tutalirudia.

Baada ya kurudi Uingereza, alichukuliwa kama mchoraji na mtunza ghala katika msafara wa kuchunguza kaskazini mwa Australia, mwaka 1855 hadi 1857, chini ya Augustus Gregory. Ubaharia wake ulimfaa sana, kwani wakati mmoja alisafiri mamia ya maili katika mashua ya wazi akiwatafuta wenzake. Njiani alipita Kupang katika kisiwa cha Timor. Huko, mwaka 1856, alichora sura ya mtu mmoja kutoka Batavia (mji ambao leo ni Jakarta) na akaliweka jina lake: Mohammed Jen Jamain. Lishike jina hilo, msomaji.

Aliporudi, sifa zake zilikuwa zimeenea. Mwaka 1857 mji wake wa King's Lynn ulimtunukia heshima ya uraia, na Shirika la Kifalme la Jiografia la London likampokea kuwa mwanachama.

Mto Zambezi na mashtaka

Mwezi Machi 1858 Dakta Livingstone aliondoka Uingereza kwa meli iliyoitwa Pearl, akielekea mto Zambezi. Serikali ya Uingereza ilitaka kujua kama mto huo ungeweza kuwa njia ya biashara hadi bara. Baines alikuwa mchoraji na mtunza ghala wa msafara. Wenzake walikuwa pamoja na Charles, ndugu ya Livingstone. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza kule Unguja wakati soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Na kijana Richard Thornton, mtaalamu wa miamba.

Walibeba meli ndogo ya mvuke iliyokatwa vipande, wakaiunga mtoni. Iliitwa Ma Robert. Wanafunzi wa Kiswahili hawatahitaji kufafanuliwa jina hilo: bibi ya Livingstone alikuwa na mtoto aitwaye Robert, na Wamakololo walimwita kwa jina la mwanawe, kama vile sisi tunavyosema Mama Kamau au Mama Otieno. Lakini chombo chenyewe kilikuwa balaa. Kilikula kuni nyingi, kilikwenda polepole, na bati lake jembamba lilitoboka. Kilizama mwezi Desemba 1860.

Mnamo Novemba 1858 msafara ulifika Kebrabasa, ambapo mto hupita kwa kishindo katikati ya magenge ya mawe. Hapo ndipo tumaini la njia ya meli lilipoanza kufifia. Baines aliichora miamba hiyo na maji yake kwa makini kana kwamba anachora kamba za meli ya nahodha.

Sasa tuingie kwenye kiini cha habari. Tabia ya Livingstone ilikuwa ngumu kwa wale waliokuwa chini yake, na Charles alizidisha moto kwa maneno. Ofisa wa jeshi la majini aliyesafiri nao aliacha kazi mapema, mwaka huo huo wa 1858. Baines naye alishikwa na homa kali mara kwa mara, hadi akawa anaweweseka. Ghala lilikuwa mikononi mwake kule Tete, mji uliokuwa wa Wareno. Ikadaiwa kwamba vitu vya msafara, ikiwemo sukari, vimepotea, na kwamba Baines alikuwa akiwagawia Wareno mali isiyo yake. Katikati ya mwaka 1859 Kirk alitumwa hadi Tete na barua za kuwaachisha kazi Baines na Thornton. Baines aliambiwa ni mwizi. Thornton aliambiwa ni mvivu.

Baines alikana. Aliomba asikilizwe, mashahidi waitwe, hesabu ya ghala ipigwe. Alipofika Cape Town aliandika barua nyingi, kwa serikali na kwa Shirika la Jiografia. Lakini Livingstone alikuwa shujaa wa taifa zima, na nani angethubutu kumwita shujaa ajibu maswali? Hakuna baraza lililoketi. Baines aliishi na doa hilo mpaka kufa kwake.

Kuhusu yule kijana Thornton, aliyeambiwa ni mvivu: mwaka 1861 alifuatana na Mjerumani von der Decken kutoka Mombasa hadi Kilimanjaro, akaupima mlima huo. Huo ndio uvivu gani? Livingstone mwenyewe alikuja kumrudisha kazini, na Thornton akafa kwa homa akiwa katika msafara ule ule mwaka 1863.

Waandishi wengi wa baadaye wameona kwamba Baines alidhulumiwa. Hata hivyo tuwe waangalifu. Picha nzuri si ushahidi kwamba mtu hakuiba sukari. Yawezekana mtu akawa fundi hodari na pia mwizi. Ndiyo maana hasa baraza linahitajika. Kosa kubwa la Livingstone si kwamba alimshuku mtu, maana kila mkuu ana haki ya kuuliza mali imekwenda wapi. Kosa ni kuwa mshtaki, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja. Jambo hilo hutokea hata bwenini, pale sanduku la mtu linapovunjwa na yule asiyependwa akashukiwa kabla ya mtu yeyote kuuliza swali.

Moshi unaonguruma

Baines angeweza kurudi kwao na kukata tamaa, lakini hakufanya hivyo. Mwaka 1861 aliungana na mfanyabiashara James Chapman. Walianza safari kutoka Walvis Bay, pwani ya magharibi, katika nchi ambayo leo ni Namibia. Walikuwa na mashua ya vipande, wakinuia kuteremka Zambezi kutoka kwenye maporomoko hadi bahari ya Hindi.

Mnamo Mei 1862, katika eneo ambalo sasa ni Botswana, alichora kundi la mibuyu kando ya uwanda wa chumvi. Mwezi Julai wakafika kwenye maporomoko ambayo Livingstone alikuwa ameyapa jina la malkia Victoria, ingawa wenyeji walikuwa nalo jina tayari: Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma. Tazama neno mosi lilivyo jirani ya moshi letu! Lugha za Kibantu ni ndugu kweli kweli.

Chapman alikuwa na kamera, lakini hakufanikiwa kupata picha za maporomoko hayo. Mwenzake mwenye brashi alifanikiwa. Picha hizo zilichapishwa London mwaka 1865, na watu wa Ulaya wakayaona maporomoko kwa rangi, tena kwa mkono wa mtu aliyesimama pale pale na kuloweshwa na manyunyu. Mazoea ya baharini yalimfaa: alijua maji yanavyovunjika, povu linavyokwenda na jinsi mwanga unavyopenya kwenye ukungu.

Safari ya mashua haikufaulu. Maradhi na upungufu wa chakula viliwarudisha nyuma.

Siku za mwisho

Mwaka 1869 Baines alitumwa na kampuni moja kutafuta dhahabu katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mfalme Lobengula wa Wandebele alimpa kibali, na mwaka 1871 kikaandikwa. Lakini kampuni haikuwa na fedha, na madeni yakamwangukia Baines. Alikuwa akijiandaa kurudi huko alipofariki kwa ugonjwa wa kuhara damu mjini Durban, tarehe 8 Mei 1875, akiwa na umri wa miaka 54. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Alizaliwa kwenye mji wa bandari na kufia kwenye mji wa bandari.

Tuzisome vipi picha zake?

Baines alikuwa na mazoea ya kuandika tarehe na mahali kwenye michoro yake. Kwa sababu hiyo tunaweza kumhakiki. Ile mibuyu aliyoichora mwaka 1862 ingali imesimama, na huitwa Mibuyu ya Baines. Anayekwenda na nakala ya picha ataitambua. Kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya Kebrabasa haionekani tena. Bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji lilianza kujazwa maji mwishoni mwa mwaka 1974, na ziwa likafunika miamba mingi. Anayetaka kuona mto ulivyokuwa kabla ya bwawa huona msaada katika picha za mtu aliyefukuzwa kwa aibu. Mibuyu inatupa sababu ya kumwamini pale ambapo miamba haipo tena.

Basi Baines tumempa haki yake. Je, na wale wengine? Methali haikusema mnyonge mmoja. Mohammed Jen Jamain tunamjua kwa jina kwa sababu mchoraji aliliweka. Lakini wale waliokata kuni za Ma Robert, walioisukuma iliponasa mchangani, waliobeba masanduku ya rangi kutoka Walvis Bay hadi Mosi-oa-Tunya, wengi wao ni sura tu pembeni ya picha. Na wale Waxhosa wa miaka ya 1850 wamechorwa kutoka upande wa bunduki iliyowalenga. Baines aliumia kwa kuwa hakusikilizwa, nao hawakusikilizwa.

Kwa hivyo tunapoitazama picha ya kale, tusiishie kusema ni nzuri. Tuulize: aliyechora alisimama wapi? Nani alimlipa? Nani ameandikwa jina na nani hakuandikwa?

Hitimisho

Tumeona kwamba Thomas Baines alianza kwa kupamba magari, akachora meli, na ufundi wa baharini ukamsaidia kuchora bara. Tumeona pia kwamba alinyimwa haki rahisi kabisa, ile ya kuulizwa na kujibu. Leo picha zake zimehifadhiwa London katika Shirika la Kifalme la Jiografia na bustani ya Kew, na pia katika hifadhi ya taifa ya Zimbabwe. Hazikumsafisha jina alipokuwa hai, lakini zimefanya mtu yeyote anayeeleza habari za msafara wa Zambezi ashindwe kumruka.

Wenzangu, kila mmoja wetu atakuwa na mamlaka siku moja: kiranja, mzazi, mwalimu, mkuu wa ofisi. Siku mtu atakapoletwa mbele yako akituhumiwa, mwache aseme. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Msamiati

Foromali: mti wa kukingama unaoshikilia tanga.
Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Tezi: sehemu ya nyuma ya chombo.
Ngama: sehemu ya chini ndani ya chombo, maji yanapokusanyika.
Uanagenzi: hali ya kujifunza kazi chini ya fundi.
Kuweweseka: kusema ovyo kwa sababu ya homa au usingizi.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Kwa nini mchoraji wa meli alihitaji kuwa na uangalifu mkubwa? Toa sababu mbili.
2. "Picha nzuri si ushahidi kwamba mtu hakuiba." Fafanua kauli hii kwa kurejelea kisa cha Baines.
3. Livingstone alikosea wapi: katika kumshuku Baines, au katika namna alivyomhukumu? Tetea jibu lako.
4. Eleza jinsi mibuyu ya Botswana inavyotusaidia kuamini picha za Kebrabasa.
5. Chagua matatu moja iliyochorwa vizuri. Andika aya mbili ukieleza mchoraji amesimama upande wa nani na ni nani aliyeachwa nje ya picha.